Kadi ya Shomari

Siku hizi kadi ya salamu humuunguza vidole anayeandika uongo. Shomari alimletea mkewe Zamda zawadi ya kitenge na kadi, kwa kuwa alikuwa amemvunja mkono. Akaketi mbele yake, akaandika: "Sitakupiga tena." Kadi ikamchoma mpaka ngozi ikanuka. Akapiga ukelele, akaitupa meza ukutani, kisha akaandika tena vilevile. Ikamuunguza vibaya zaidi.

"Acha, baba Nasra," Zamda alisema. "Imetosha."

Kwa vidole vilivyojaa malengelenge, Shomari akaandika: "Nakupenda." Kadi ikabaki baridi.

"Umeona?" alisema, akilia kwa furaha. "Umeona, mke wangu?"

Zamda aliona. Alivaa viatu, akaelekea mlangoni. Shomari akamtangulia, akaufunga kwa ufunguo.