Mlango Unaosikiliza Moyo

Mlango wa handaki la mtaa wetu hauulizi jina. Unamfungulia mwenye kadi, pamoja na mtoto anayetulia kifuani kwake. Unasikiliza moyo wa mtoto, ndipo unaamua mama ni nani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini mlango haujui methali.

Sisi wa nyumba za bondeni hatukupewa kadi. Siwema, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, anayo, na hana mtoto. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfuata.

"Dada, mzoee Tunu wangu, ndege za mabomu zikija uingie naye."

Basi huu mwezi wa nne, kila alasiri Siwema humbeba Tunu mgongoni kwa kanga yangu. Nami hukaa barazani nikipepeta mchele nilioupepeta asubuhi, nikimsikia mwanangu akicheka nyumbani kwa watu. Juzi alianguka, akanipita mimi, akamkimbilia yeye.

"Usijali, Mama Tunu," Siwema akaniambia. "Si ndicho tunachotaka?"

Nikaitikia. Ile kanga nikaifua mara mbili, na harufu ya Siwema haikutoka.

Leo asubuhi king'ora kimelia. Nilimkabidhi Siwema mtoto, nikawafuata mbio hadi mlangoni, nikasimama nyuma ya mstari mwekundu. Nimewahi kuona watoto wakilia pale mpaka mlango ukawakataa. Nikamwomba Mungu ufunguke.

Tunu aliegemeza shavu kifuani kwa Siwema, akafumba macho. Mlango ukafunguka papo hapo.

Niliomba ufunguke, ndiyo. Lakini si ungesita walau kidogo?