Vita vya Tuseme

Mezani kwa Bi Mize, muuza chai, wanaume wazima wawili walipanga tena manowari zao za anga, vidude vya plastiki visivyozidi kidole gumba. Mwaka wa tatu huu wanabishana nani angeshinda, na mchezo wenyewe hawajawahi kuucheza.

"Tuseme askari wangu wa sayari ya Zohali wamekuzingira," alisema Shekue.

"Tuseme wangu wa Mirihi wamekuwahi," alijibu Ngwali.

Bi Mize akasonya. "Tuseme, tuseme! Midomo mitupu." Akaibwaga dadu katikati ya meza. "Haya, irusheni tumjue mshindi."

Wote wawili wakaficha mikono mapajani. Chai ikapoa.

Mwishowe Ngwali akakohoa. "Tuseme nimeirusha, ikaangukia sita."

Shekue, jasho likimtoka, akaanza kuondoa manowari zake, moja moja. Dadu ilikuwa palepale, haijaguswa.