Kifungo cha Mkufu

Asubuhi ya harusi yake huko Kashuga, Léontine alisugua kwa majivu mkufu wa zamani alioletewa na mchumba wake. "Niliununua Goma," alikuwa amesema.

Kwenye kifungo kidole chake kikagusa waya mwembamba uliosokotwa. Marehemu baba yake ndiye aliyeusokota. Mama yake aliuvaa mkufu ule siku alipouawa njiani, familia yao ikikimbia kutoka Walikale; wauaji wakauchukua.

Akamwita mchumba wake, akampa mgongo.

"Nifungiye, chéri. Mimi inanishinda."

Kifungo kile hakikufungika ila ukibane ubavuni huku ukivuta waya. Vidole vya yule kijana havikupapasa. Vilibana, vikavuta, kikafungika.

"Ndjo hivi. Iko rahisi."

"Nani alikuonyesha?" Léontine akauliza bila kugeuka.

Vidole vikabaki palepale shingoni.