Mchana wa Mhina
Sheria mpya iliwaruhusu watu wa nyumbani kumbebea mgonjwa wao maradhi kwa mchana mmoja. Ndugu wote wa Mhina walikataa, kwa hiyo mkewe, Nasikiwa, akakubali. Asubuhi waligusanisha bangili zao za kuhamishia maradhi, na ule ugonjwa wa neva uliomlaza mumewe kwa miaka ukamwingia yeye. Miguu ikafa ganzi, uchovu ukamlaza chali. Mhina akainuka, akavaa viatu mwenyewe, akatoka akicheka.

Kutwa Nasikiwa aliwasikia majirani wakipita nje, asibishe hodi hata mmoja. Chai ilipoa mezani, mkono haukuifikia. Ndipo alipoelewa mumewe aliishi vipi kila alipomwacha na kwenda shambani, akamlilia.

Jioni Mhina alirudi, suruali imejaa vumbi.

"Mke wangu, nimefika hadi kwa dada! Kwa miguu!"

"Nimefurahi, baba. Haya, lete bangili." Akamnyooshea mkono.

Mhina aliutazama ule mkono. Akaubusu, kisha akaurudisha taratibu chini ya shuka.

"Kesho," alisema, macho yakiwa mlangoni. "Wewe pumzika."

Nasikiwa akasikiliza hatua zake zikivuka ua, nyepesi, wala hazikusita.