Namba Nyeusi

Mchezaji wetu mmoja wa futiboli ya Kimarekani alikuwa amelala uwanjani, hajitikisi. Wenzake wakapiga goti, helmeti kichwani, kama ilivyo ada mtu akiumia.

"Namba ngapi?" mke wangu akauliza.

Sikuiona. Siku hiyo chuo kilikuwa kimezindua jezi mpya, nyeusi, na namba nyeusi juu yake.

"Jezi kali hizo!" nilikuwa nimepiga kelele timu ilipoingia.

"Mtafute Landry kati ya hao waliopiga goti." Kucha zake zilizama mkononi mwangu. "Mwanao kabisa humjui?"

Niliwatazama mmoja mmoja. Wote walifanana.

Kisha mtu mwenye koti la timu akaanza kupanda ngazi za jukwaa letu la wazazi, akitazama namba za viti. Hizo zilikuwa nyeupe, zinasomeka vizuri.