Meno ya Mashine

Mashine ya kusagia mabaki ya chakula, ile iliyofungwa chini ya sinki, ilikuwa inakwaruza tu, haisagi. Fundi Kibwana aliifungua, akachokoa kwa koleo, akatoa vipande sita.

"Nani anatia mawe humu?"

"Watoto," alijibu Shomari, ambaye hakuwa na mtoto hata mmoja.

Bi Mwanahawa, mama mkwe wake, alikiosha kipande kimoja, akakinusa. Kilinukia iliki. Wiki nzima alikuwa akimtengenezea Shomari kashata za njugu, na kila asubuhi sahani ilirudi tupu, na sifa juu.

Alikifuta kwa upindo wa kanga, akakiweka kwenye kisahani, akammiminia Shomari kahawa, akaketi akimtazama.

Fundi alikuwa ameshafunga mkoba wake, lakini hakuondoka.