Nusu Saa ya Serikali

Pigo la kwanza lilimpata Vidole Saba mdomoni. Jino likatoka na damu, akalitema kwenye ule mkono wake wenye vidole viwili, akalitazama kama mtu anayekagua punje ya hindi.

"Umenipiga mimi," akasema. "Mimi niliyekufundisha kazi."

"Weka kiberiti chini, fundi."

"Saa sita hii. Na saa sita napiga baruti. Mwaka wa kumi na tisa huu."

Kweli, saa ya ukutani pale kwenye kibanda cha baruti ilisema saa sita. Lakini ilikuwa saa sita ya serikali, imeanza asubuhi hiyo hiyo.

Maana, tuseme ukweli, nchi ile ilisumbuliwa sana na saa. Hapo zamani kila mji ulikuwa na saa yake. Jua likikukaa utosini ndiyo saa sita, hakuna ubishi. Ikaja reli, ikataka nchi nzima ifuate saa ya stesheni, watu wakasogezwa robo saa mbele. Serikali iliyofuata ikasema robo hiyo ni ya wageni, ikairudisha. Na hii ya sasa ikatangaza redioni wiki nzima: kuanzia Jumatatu, nusu saa mbele, tulingane na majirani. Aliyeulizwa nani? Hakuna.

Sasa huko chini shimoni, kwenye machimbo ya mawe upande wa pili wa kilima, kengele ilikuwa mikononi mwa baba yake huyu kijana mtoboa miamba aliyerusha ngumi. Mzee yule na saa yake, kaa mbali. Mwaka ule wa robo saa alikuja karani kuisogeza, mzee akamvunja mkono kwa nyundo ya mawe, akala miezi minane jela. Katoka, kaipiga kengele kwa saa yake ile ile. Na juzi tu, Jumamosi, alimkaba msimamizi mpaka macho yakamtoka. "Jua halina waziri," alimwambia.

Na kengele ile si ya mchezo. Ikipigwa saa sita kasorobo, wavunja mawe wanatoka shimoni, wanajibanza nyuma ya ukuta. Saa sita, baruti. Saa sita na robo wanarudi kazini, baruti iwe imelia au haikulia, kwa sababu zipo siku mashimo ya baruti hayajawa tayari, na msimamizi hapendi kuona watu wamekaa.

Leo walikuwa watu arobaini. Mke wa kijana alikuwa mmoja wao, mimba ya miezi saba.

"Kengele ya baba bado," kijana akasema. "Kwake yeye sasa hivi ni saa tano na nusu. Wamo wote ndani."

"Umejuaje? Na mashine ya kusaga mawe inavyonguruma, kengele utaisikia wapi?"

"Namjua baba."

"Basi mwambie ahamie kwenye nchi hii kama wenzake." Vidole Saba akakwaruza kiberiti.

Kijana akamrukia. Wakaanguka juu ya meza, meza ikavunjika mguu. Vidole Saba alikuwa mtu mzima, lakini kakomaa kama mzizi. Akamuuma kijana sikio, akatoka na kipande. Kijana akamgongesha kichwa sakafuni, mara moja, mara ya pili. Akamkanyaga ule mkono mzima, mfupa ukalia. Bado mtu akajikokota kwa kiwiko kuufuata utambi, ubishi mtupu, ndipo kijana alipookota mtaimbo akampiga nao gotini.

Hapo Vidole Saba akatulia. Kijana akamfunga kamba, kisha akampa maji, yakarudi mekundu.

"Mashimo yameshajazwa," Vidole Saba akasema taratibu. "Hayaachwi hivyo."

"Nitawasha mwenyewe. Nusu saa tu, fundi. Watoke."

"Goti langu, mwanangu."

"Nisamehe."

Wakakaa. Kijana aliusimika ule mtaimbo nje ya mlango, akawa anautazama kivuli chake kikinywea. Ilipofika kasorobo ya baba yake, akaanza kumwona mkewe kichwani: sasa anainuka, sasa anashika kiuno, sasa anawafuata wenzake nyuma ya ukuta pole pole. Moyo ukamtulia.

"Huenda umeokoa watu," Vidole Saba akasema kule ndani. "Siwezi kukusifu, mdomo unauma. Mtoto akizaliwa mhesabu vidole. Vikitimia kumi, huyo hatatufaa kwenye kazi hii."

Kijana akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile. Kivuli kikaisha. Saa ya ukutani ilisema saa sita na nusu. Akawasha utambi, akaukagua unavyoteketea kwenda zake mwambani, akarudi mlangoni kungoja.

Aliyetokea kwenye njia ya kilimani alikuwa shangazi yake, naye mvunja mawe, anahema, mkono kiunoni.

"Mtaniua na kilima chenu hiki," akasema. "Baba yako kanituma. Hataki leo ugombane na mtu. Saa kaigeuza mwenyewe asubuhi, mbele ya msimamizi. Anasema kachoka kupigana, anataka mjukuu amkute uraiani."

Kijana akageuka kuitazama saa ya ukutani.

"Tumekaa ukutani wee, kimya, tukajua leo hakuna baruti. Wenzangu wamesharudi shimoni kitambo. Mkeo nimemwacha anateremka, anajishika shika kwenye mawe." Shangazi akamsogelea. "Na sikio hilo limefanya nini?"

Nyuma ya kijana moto wa utambi ulikuwa umeshaingia ardhini.